Mpatanishi Si Msaliti



Mara nyingi mtu akienda kuusikiliza upande wa pili wa ugomvi, sisi tuliobaki nyuma humwita msaliti. Tuyatafakari maisha ya Mholanzi mmoja, Willem Oltmans, aliyezaliwa mwaka 1925. Alisomea utumishi wa kibalozi katika chuo cha Nijenrode, kisha akaendelea na masomo Yale, Marekani. Lakini akachagua kalamu ya mwandishi wa habari.

Mwaka 1956 alimhoji Rais Sukarno huko Roma. Wakati huo Uholanzi na Indonesia, iliyokuwa koloni lake, zilikuwa zikigombania Guinea Mpya ya Magharibi. Oltmans alitetea mazungumzo, tena akataka eneo hilo likabidhiwe Indonesia. Serikali yake, ambayo Joseph Luns alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, ikamhesabu kuwa adui na kumzibia njia za kazi. Mwaka 1962 serikali hiyohiyo ilitia sahihi mkataba wa kuliachia eneo lile. Hata hivyo Oltmans hakuombwa radhi. Ilimbidi aishitaki, na mwaka 2000 ndipo waamuzi walipoamuru alipwe gilda milioni 8. Alifariki mwaka 2004. Je, fedha hizo zingeweza kumrudishia ujana wake?

Lakini lipo jambo lingine tusiloweza kulinyamazia. Wapapua, wenye nchi hiyo, hawakuwa na sauti katika mkataba wa 1962. Walipoulizwa mwaka 1969, waliojibu kwa niaba ya wote ni watu wapatao 1,000 tu, walioteuliwa chini ya mamlaka ya Indonesia. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Kumbe hata mpenda mapatano aweza kumsahau mnyonge.

Basi, viongozi wa walei, mnapoamua ugomvi wa mipaka ya mashamba au wa koo mbili, msimhukumu aliyevuka kwenda kusikiliza, kwa maana Bwana wetu aliwabariki wapatanishi. Mkiwa mmemchafulia mtu jina, mwombeni radhi angali hai. Wala msifunge shauri kwa kupeana mikono wazee peke yao, kabla ya kumwuliza mjane ambaye shamba lile ni lake. Amani isiyomwuliza mwenye haki haidumu.