Misafara ya baiskeli isiwe ya wenye nacho pekee

Jumapili moja alfajiri nilifika Kiserian kujiunga na msafara wa waendeshaji baiskeli waliokuwa wakielekea Magadi, masafa ya kilomita zipatazo 80. Tulikuwa watu kama thelathini, tumevaa mavazi ya kubana na kofia za rangi rangi. Pembeni alisimama mzee mmoja, mlinzi wa usiku, aliyekuwa ametoka moja kwa moja lindoni na baiskeli yake nyeusi, ile nzito ambayo Wakenya huiita Black Mamba. Alikuwa ameisugua ikang'aa. Kiongozi wetu akamtazama, akaitazama na baiskeli, kisha akasema kwa upole kuwa safari ile haikuwa ya baiskeli kama ile. Mzee hakujibizana naye. Aliigeuza baiskeli yake akarudi alikotoka.

Nami sikutamka neno, na jambo hilo hunikera hadi leo. Kabla hatujafika Olorgesailie, watatu kati yetu walikuwa wamekwisha kupakiwa garini pamoja na baiskeli zao ambazo bei yake ingenunua ng'ombe kadhaa. Sidhani kwamba mzee yule, ambaye hupanda vilima vya Kiserian kila siku ya kazi, angehitaji kupakiwa.

Hapana shaka kwamba uendeshaji baiskeli wa masafa marefu kwa burudani umepata mashabiki wengi nchini, na hilo ni jambo la kutia moyo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, huwashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kadiri kwa muda usiopungua dakika 150 kila juma. Mtu anayeketi ofisini kutwa na kusafiri kwa matatu asubuhi na jioni hawezi kuzipata dakika hizo kwa urahisi. Kwenye baiskeli huzipata zote katika asubuhi moja, tena bila kuumiza magoti kama afanyavyo mkimbiaji. Anayeugua kisukari au shinikizo la damu, maadamu daktari wake amemruhusu, naye anaweza kuendesha kwa kasi aimuduyo.

Lakini je, mchezo huu ni wa nani? Ajabu ni kwamba katika nchi hii walioijua baiskeli kwa miaka mingi ni walalahoi: mchuuzi wa maziwa, kibarua aendaye Industrial Area, na vijana wa Busia walioanzisha boda boda kwa kuwavusha abiria mpakani wakiwa wameketi kwenye keria. Leo hii, baiskeli inapogeuka kuwa starehe, watu hao hao huambiwa wakae kando. Yaani aliyebeba magunia mawili ya kabeji kwa miaka ishirini hana ujuzi, ilhali aliyenunua baiskeli mwezi jana ndiye mwanamichezo!

Wenzetu wa Ufaransa wana safari iitwayo Paris-Brest-Paris. Ilianza mwaka 1891 ikiwa mashindano, lakini siku hizi, kila baada ya miaka minne, maelfu ya watu wa kawaida huiendesha bila kushindana. Ni kilomita 1,200 hivi, na kikomo ni saa 90. Msomaji akipiga hesabu ataona kwamba huo ni mwendo wa wastani wa kilomita 13 tu kwa saa, kula na kulala vikiwemo. Hakuna mshindi wala zawadi ya fedha. Baiskeli za watu wawili huruhusiwa, hata zile za magurudumu matatu. Wanavijiji wa njiani huweka meza nje ya nyumba zao na kuwapa wapitao maji na kahawa. Katika safari fupi za aina hiyo, mtu hupewa saa 13 na nusu kumaliza kilomita 200. Kwa kipimo hicho, mzee wa Kiserian akiondoka saa kumi na mbili asubuhi angefika Magadi kabla ya saa sita.

Wala si lazima tutazame ng'ambo pekee. Douglas Sidialo alipoteza macho yake katika shambulio la bomu la Agosti 7, 1998, jijini Nairobi. Baadaye aliendesha baiskeli ya watu wawili kutoka Cairo hadi Cape Town, mwenzake aonaye akishika usukani. Ni misafara mingapi yetu ya Jumapili iliyo na walau baiskeli moja ya namna hiyo? Nayajua makundi matatu; katika yote sijaiona hata moja. Wanawake nao ni wachache, na aghalabu sababu wanayoitoa ni kuachwa nyuma peke yao barabarani wakati wanaume wanapofukuzana mbele.

Kwa hivyo makundi haya yabadilishe desturi. Msafara uende kwa kasi ya aliye nyuma kabisa, na ukaguzi wa asubuhi uhusu breki, tairi na kofia ngumu badala ya bei ya baiskeli. Asiye na kofia aazimwe. Ada iwe ndogo, au isiwepo kabisa.

Serikali nayo haiwezi kujitoa. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya uchukuzi kwa waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Anayepita Jogoo Road asubuhi na ajionee mwenyewe jinsi mwendeshaji anavyosukumwa mtaroni na matatu. Safari ya burudani huanza kwa kutoka mjini salama, na mlinzi atokaye lindoni alfajiri anaihitaji njia hiyo hiyo, si Jumapili tu.

Kundi letu litakwenda tena Magadi mwezi ujao. Nimemwandikia kiongozi wetu nikimtaka amwalike mzee yule, nami nimejitolea kukaa nyuma pamoja naye. Bado sijapata jibu.