Mama anahamia kwako? Anza na choo, siyo sebule

Ukarabati wa nyumba nyingi mjini huanza na habari moja. Mama au baba aliyeko kijijini hawezi tena kukaa peke yake, na ndugu mmekubaliana aje kwako. Kesho yake fundi anaitwa. Keshokutwa mnabishana kuhusu rangi ya marumaru za sebuleni na muundo wa jipsamu ya dari.

Mimi ni daktari, si fundi ujenzi. Lakini matokeo ya mabishano hayo huletwa kwangu, mara nyingi yakiwa yamelazwa kwenye kiti cha nyuma cha teksi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wanaokufa zaidi ni wenye miaka 60 na kuendelea. Mfupa tunaouogopa ni shingo ya fupa la paja. Ukivunjika, tiba yake kwa kawaida ni upasuaji, na familia nyingi huhangaika kutafuta fedha huku mgonjwa amelala. Akilala muda mrefu, vidonda vya mgongo vinaanza, nimonia inafuata, damu inaganda miguuni.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: kama fedha inatosha jambo moja tu, iweke kwenye njia inayotoka kitandani kwa mama hadi chooni.

Fikiria usiku wake. Anaamka mara mbili au tatu kwa sababu ya kisukari, au vidonge vya presha vinavyoongeza mkojo. Akiwa ni baba, kuna na tezi dume. Akisimama ghafla presha inashuka, anapata kizunguzungu. Jicho lina mtoto wa jicho. Swichi iko mlangoni, mbali na kitanda. Mbele kuna kizingiti, kisha marumaru zinazong'aa ambazo mtu amezimwagia maji wakati wa kuoga.

Kuna na jambo ambalo wazee hawatakuambia. Choo kikiwa mbali, wanaacha kunywa maji. Ukiuliza, watasema hawana kiu. Baadaye wanapata choo kigumu, maambukizi ya njia ya mkojo, wengine wanaanza kuchanganyikiwa, na nyumbani mnasema ni uzee.

Halafu kuna aibu. Mama mkwe hataki kupishana na mkwewe koridoni saa nane usiku akiwa na kanga moja. Atabana mkojo mpaka asubuhi.

Hapa nitasema jambo ambalo wenye nyumba wengi hawatalipenda: mpe mama chumba cha masta. Kina choo ndani tayari, na kuhama chumba ni rahisi kuliko kuvunja kuta na kuchimba shimo jipya la maji taka. Wewe una miguu mizima, tumia choo cha koridoni pamoja na watoto. Kama nyumba ni ya ghorofa, mama alale chini, na kile choo cha wageni cha chini kipanuliwe kiwe na bafu. Kumpandisha ngazi kila siku kwa sababu vyumba vizuri viko juu ni kumfungia huko juu.

Sasa mwambie fundi. Mlango wa choo uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi, ufungukie nje. Mzee akiangukia nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mtamgandamiza mkijaribu kumfikia. Choo kiwe cha kukaa, maana cha kuchuchumaa ni mateso kwa magoti mabovu. Pembeni yake liwekwe bomba la chuma la kushikilia, lililofungwa kwa skrubu ndefu hadi kwenye tofali. Usikubali ile fito ya kutundikia taulo. Bomba likishafungwa, ning'inia wewe kwanza. Marumaru za bafuni ziwe zenye mikwaruzo. Ukiwa dukani omba maji, zimwagie, zikanyage peku. Swichi moja iwe ya kufikika akiwa amelala. Mlangoni pa nyumba, ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 inahitaji mteremko wenye urefu wa mita 1.8. Mafundi wengi huweka wa nusu mita, ambao unafaa kuingizia pikipiki.

Wenye watoto wadogo, msinisahau. Bibi akihamia, dawa zake zinahamia pia, na mara nyingi zinakaa kwenye mkoba chini ya mto, mahali ambapo mjukuu wa miaka miwili anachezea. Kidonge kimoja cha glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, kinaweza kumshusha sukari mtoto huyo hadi apoteze fahamu. Kwenye orodha ya fundi weka kabati dogo la ukutani lenye kufuli, juu ya kimo cha mtoto. Bafu jipya lisiachwe na ndoo za maji wazi. Mtoto anayejifunza kutembea huzama kwenye maji kidogo tu, akitangulia kichwa.

Na dirisha la chumba hicho lisizibwe kwa kupata ukuta wa kabati la nguo. Wajukuu watalala na bibi, tunajua. Hewa ipite, wavu wa mbu uwepo, na kama amekuja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, apimwe kifua kikuu kabla hajaanza kulala nao.

Ukiweza, mlete mama kwa siku chache kabla fundi hajachanganya saruji. Mkalishe kwenye viti tofauti vya nyumba yako. Kile anachoinuka mwenyewe bila kuvutwa mkono, kipime kimo kwa futi ya fundi. Hicho ndicho kimo cha kitanda chake, na cha choo chake.