Kutoyumba si Ushujaa

Jamani, tuache kumsifu kijana wa miaka 15 eti "huyu ana kichwa, pombe haimwangushi." Sifa hiyo inatumaliza, na wanaotuonyesha hivyo ni panya.

Ndiyo, panya wa maabara. Hakuna mtafiti anayeruhusiwa kumlewesha mtoto wa mtu ili aone itakuwaje, kwa hiyo wanapima kwa panya. Panya wa wiki nne hadi sita ndiye kijana wao. Akipewa pombe kwa kipimo cha uzito wake, hayumbi kama panya mzima, na usingizi wa ulevi haumshiki sana. Anaonekana ngangari. Lakini katika jaribio la Marekani la mwaka 1998, pombe iliwazuia panya vijana kujifunza njia kuliko ilivyowazuia wakubwa. Miguu iko imara, kichwa kinaumia.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliwaachia panya vijana wale jeli yenye pombe kwa siku 20. Kisha ikaondolewa. Walipokua, bila pombe tena, wakapewa kuchagua: kidogo cha hakika, au kingi cha kubahatisha. Walikimbilia kubahatisha kuliko wenzao, hata pale ambapo kidogo kingewalipa zaidi.

Tunajua, mtu si panya. Na si kila anayebeti amekunywa. Lakini kijana akiacha kozi ya ushonaji akafuata bahati, msikimbilie kusema "wakimbizi wavivu." Ulizeni kwanza alianza kunywa akiwa na miaka mingapi, na nani alimuuzia.

Mama zetu na kaka zetu mnaouza kanyanga, waragi, chang'aa: tunajua posho ya chakula haitoshi na biashara ni chache. Lakini msimuuzie mtoto. Hilo halina mjadala.

Nanyi ndugu wa mashirika, semina ya siku moja na soda haitoshi. Mkimfukuza darasani kijana anayenuka pombe, mmemrudisha kulekule alikonywea. Mwiteni pembeni, mtafutieni mshauri, nafasi yake ibaki.

Na sisi vijana wenyewe tuangaliane. Anayeyumba anaonekana, atashikwa mkono apelekwe nyumbani. Asiyeyumba ndiye anaongezewa glasi. Huyo ndiye wa kuwahi.