Aliyeonyesha ndiye aliadhibiwa



Iko filme moja ya Marekani yenye kuchekesha na kuuma, Ghost World ya Terry Zwigoff (2001). Enid na Rebecca wanamaliza sekondari, wanacheka kila mtu. Rebecca anapata kazi ya kuuza kahawa. Enid anapata ya sinema, siku ile ile wanamufukuza juu ya kuambia wateja ukweli. (Siye hata ya kufukuzwa haiko!)

Watu wanasema ni muvivu. Hapana. Anaogopa, na kejeli ni koti yake.

Tukae kwa jambo moja. Seymour, rafiki yake mukubwa kwa umri, anatunza tangazo la zamani la kampuni ya kuku, lenye kuchora mutu mweusi kwa dharau. Kampuni ilibadilisha jina, ikanyamaza. Enid analipeleka kwenye maonyesho ya darasa la sanaa: muone chenye kilifichwa. Wazazi wanakasirika, gazeti linaandika. Enid anapoteza bursi, Seymour anapoteza kazi kwenye kampuni ile ile. Na kampuni? Inaendelea kuuza kuku.

Mwishoni Enid anapanda basi, peke yake. Wengine wanaona ni uhuru, wengine kifo. Siye tunaona kijana mwenye kipaji anaondoka, na mji wote hauulizi anaenda wapi.