Wimbo Kabla ya Mbio



Wapendwa, vijana wetu wa Makorora huvaa vipokea sauti masikioni kabla ya mechi, na wapo wazazi wanaowakemea. Sisi hatuwakemei. Muziki wa taratibu hutuliza moyo wenye hofu. Mdundo wa haraka huamsha viungo na kupanga hatua. Mwaka 1998, huko Birmingham, Uingereza, Mwethiopia Haile Gebrselassie alikimbia mita 2,000 ukumbini akifuata mapigo ya wimbo uitwao Scatman, akaweka rekodi ya dunia: dakika 4 na sekunde 52.86.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Nabii Elisha, kabla ya kunena neno la Bwana, aliomba kwanza aletewe mpiga kinanda (2 Fal 3:15).

Basi, kwa nini wengi wetu huingia kanisani wimbo wa mwanzo umekwisha? Wimbo ule si wa kumsindikiza padre tu hadi altareni. Kanisa limeuweka ili utuunganishe na kuinua mawazo yetu kwenye fumbo tunaloadhimisha. Mwanariadha husikiliza peke yake. Sisi huimba pamoja, kwa kuwa mbio zetu ni za pamoja.

Hata hivyo, filimbi ikilia, vipokea sauti huvuliwa na mchezo huanza. Vivyo hivyo, uimbaji mzuri usiotufikisha kwa jirani mgonjwa ni mazoezi yasiyo na mechi. Jumapili ijayo tuwahi, tuimbe, kisha tukimbie.