Shabiki wa Raga Ligi na Daftari la Klabu: Nani Mwenye Mali?

Aghalabu shabiki anapotajwa katika mijadala ya fedha za michezo, hutajwa kama mtu wa moyo asiye na kichwa: hodari wa kuimba uwanjani, hoi mbele ya hesabu. Ataitwa mlipa kiingilio, ataitwa mnunuzi wa jezi, na siku hizi huitwa hata mteja. Maoni yake juu ya namna klabu inavyokopa na kutumia huchukuliwa kuwa kelele za chura, ambazo, kama wasemavyo wahenga, hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Hata hivyo, historia ya raga ligi inaonyesha kwamba chura huyo amekuwa akisema kweli mara nyingi kuliko wakurugenzi waliompuuza, na kwamba maji yenyewe yalikwisha kitambo.

Raga inayofahamika sana nchini Kenya ni ile ya wachezaji 15 pamoja na ya wachezaji 7. Raga ligi ni ndugu yao aliyehama nyumbani kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulihusu pesa. Mnamo tarehe 29 Agosti 1895, wawakilishi wa vilabu vya Yorkshire na Lancashire walikutana katika George Hotel mjini Huddersfield, wakajitoa katika chama kikuu cha raga cha Uingereza. Wachezaji wao wengi walikuwa wachimba makaa, wafanyakazi wa viwanda vya nguo na makuli wa bandarini. Siku hizo Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, na aliyekwenda kucheza alikatwa ujira. Vilabu vya kaskazini vilitaka kumfidia mchezaji huyo shilingi 6 kwa siku aliyoikosa kazi. Mabwana wa kusini, ambao hawakuwa na haja ya ujira wa Jumamosi, walisema kuwa kumlipa mchezaji ni kuuchafua mchezo. Chama hicho cha mabwana kilihitaji miaka 100 kamili kubadili kauli: raga ya wachezaji 15 iliruhusu malipo mwaka 1995.

Asili hii haina budi kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo inayomfanya shabiki wa raga ligi awe mwepesi kuuliza habari za fedha. Mchezo wake ulizaliwa kutokana na swali la nani alipwe, na nani alipe. Mabadiliko ya sheria yaliyofuata, yakiwemo ya mwaka 1906 ya kupunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13, yalilenga kuufanya mchezo uwe wa kasi na wa kuvutia watazamaji, maadamu watazamaji ndio waliokuwa wakilipa. Kwa muda mrefu hesabu ilikuwa nyepesi kueleweka: kiingilio cha mlangoni, mchango wa chama cha wafuasi, bahati nasibu, na tajiri wa mtaa, mwenye kiwanda au bucha, aliyeziba pengo mwisho wa msimu.

Mwaka 1995 yaliingia maji mapya kisimani. Kampuni ya Rupert Murdoch, iliyokuwa ikipigania haki za kutangaza mechi nchini Australia, iliviahidi vilabu vya Uingereza pauni milioni 87 kwa muda wa miaka 5. Viongozi walikubali kwa haraka ya kutisha. Msimu ungehamishwa kutoka kipupwe hadi kiangazi, ligi kuu mpya iitwe Super League, na baadhi ya vilabu viunganishwe. Castleford, Wakefield na Featherstone vingegeuzwa kuwa klabu moja yenye jina la Calder. Hull na jirani yake Hull Kingston Rovers, mahasimu wa mji mmoja waliogawana ukingo wa magharibi na wa mashariki wa mto, wangeitwa Humberside. Hoja ya viongozi ilikuwa ya kihasibu: miji midogo iliyokaribiana haiwezi kulisha vilabu vingi vya kulipwa.

Mashabiki waliandamana. Waliingia uwanjani na mabango, wakawazomea wakurugenzi wao wenyewe, na katika majuma machache mpango wa kuviunganisha vilabu ukafa. Siku zile walionekana kuwa washamba waliokataa mamilioni kwa ajili ya rangi za jezi. Sasa na itazamwe miaka iliyofuata. Castleford iliongoza msimamo wa ligi mwaka 2017. Hull ilitwaa Kombe la Challenge mwaka 2016 na tena mwaka 2017. Hull Kingston Rovers ilitwaa mataji yote matatu makubwa mwaka 2025: kombe, uongozi wa msimamo na fainali ya ligi. Kama ushauri wa wahasibu wa 1995 ungefuatwa, hakuna hata moja kati ya klabu hizo ambayo ingekuwapo. Shabiki aliyeitwa mjinga alikuwa ameona jambo ambalo daftari halikuwa na safu ya kuliandika: kwamba mtu wa Castleford hangegeuka kuwa mtu wa Calder kwa sababu kampuni imetoa hundi, angebaki nyumbani, na kiingilio chake kingebaki mfukoni.

Ni haki kukiri kwamba fedha zile pia zilifanya mema. Wachezaji waliacha kazi za mchana na kuingia mazoezini kila siku, na kiwango cha mchezo kikapanda. Tatizo ni kwamba vilabu vilianza kuuona mfereji huo kama mto wa kudumu. Kufikia mwaka 2022 malipo ya televisheni yaliripotiwa kushuka kutoka takriban pauni milioni 40 kwa mwaka hadi takriban milioni 25. Mwenye nyumba aliyezoea kodi ya 40 akalazimika kuishi kwa 25, ilhali watoto walikwisha kuzoea mlo wa 40.

Hakuna mfano unaoumiza kuliko Bradford. Uwanja wake wa Odsal, bonde kubwa lililochimbwa kama bakuli, ulipokea watazamaji 102,569 kwa hesabu rasmi katika marudio ya fainali ya kombe mwaka 1954. Klabu yenyewe, iliyokuwa Bradford Northern, ilijibatiza Bradford Bulls mwaka 1996, ikawa kielelezo cha enzi mpya: muziki, maonyesho ya watoto, jukwaa lililojaa familia. Ilitwaa ubingwa wa Super League miaka ya 1997, 2001, 2003 na 2005. Kisha, mapema mwaka 2012, wapenzi wake waliambiwa kwamba klabu haina fedha na kwamba isipochangiwa itakufa. Wakachanga. Watu wa mji ambao viwanda vyake vya sufu vilikwisha kufungwa waliahidi takriban nusu milioni ya pauni. Mwezi wa Juni mwaka huohuo klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi licha ya michango hiyo. Ikaokolewa, ikaanguka tena mwaka 2014, ikaanguka tena mwaka 2016, na Januari 2017 kampuni ikavunjwa kabisa. Klabu mpya iliyoundwa ilianza msimu ikiwa imenyang'anywa pointi 12, na ikateremka hadi daraja la tatu.

Inafaa kuangalia kwa makini jambo lililofanyika hapo. Kila kampuni ilipokufa, madeni yake yalizikwa pamoja nayo: la mpishi wa vyakula vya wageni, la fundi wa mabomba, la mamlaka ya ushuru. Wakurugenzi waliondoka, wengine kwa hasara na wengine bila hata kukwaruzwa. Jina na rangi zikahamishiwa kampuni mpya. Ila kuna mtu mmoja ambaye sheria ya ufilisi haikumgusa kwa sababu hakuandikwa popote, si mwenye hisa wala mdai. Huyo ndiye aliyekwisha kulipia tikiti ya msimu, akachangia wokovu wa klabu, kisha akanunua tikiti ya kampuni mpya iliyobeba jina lilelile. Kisheria, huyu hana chochote. Kwa uhalisia, ndiye kitu pekee kilichohama kutoka kampuni moja hadi nyingine kikiwa na thamani. Mnunuzi wa klabu mufilisi hanunui viti wala nyasi. Hununua uhakika kwamba maelfu ya watu watarudi Jumapili ijayo.

Salford nayo ilipita njia hiyohiyo. Klabu iliyoasisiwa mwaka 1873, iliyofika fainali ya ligi mwaka 2019 na fainali ya kombe mwaka 2020, ilipata wamiliki wapya mapema mwaka 2025 kwa ahadi kubwa. Mechi yake ya kwanza ya ligi mwaka huo ilifungwa na St Helens 82 kwa 0, kwa kuwa vizuizi vya matumizi viliifanya iwachezeshe vijana. Mishahara ilicheleweshwa mara kwa mara, wachezaji wakaondoka mmoja mmoja, mashabiki wakaandamana wakiuliza ziko wapi fedha zilizoahidiwa. Desemba 2025 mahakama iliivunja kampuni kwa sababu ya deni la ushuru. Swali la mashabiki wale lilikuwa swali ambalo mkaguzi yeyote angeuliza. Tofauti ni kwamba mkaguzi hulipwa aulize, na shabiki alilipa mlangoni kabla ya kuruhusiwa kuuliza.

Kiswahili kina neno linaloufichua ugonjwa huu: mfadhili. Ndani yake mna fadhila, na anayetoa kwa fadhila anaweza kuacha kutoa kwa kuchoka, kwa kufilisika au kwa kufa. Vilabu vingi vya raga ligi vimeishi kwa fadhila za tajiri mmoja anayelipa pengo la kila mwaka, na hesabu zake huandikwa kana kwamba tajiri huyo ni mapato. Ukomo wa mishahara, ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa takriban pauni milioni 2.1 kwa klabu, uliwekwa ili kuzuia ulafi. Umezuia baadhi yake. Lakini ukomo huo haumzuii mkurugenzi kutumia fedha alizokopa mradi asipite mstari. Chini ya mstari huo klabu inaweza kuzama bila kuvunja kanuni hata moja.

Lawama haziwezi kumkwepa shabiki mwenyewe. Ni yeye anayepiga kelele asajiliwe nyota wa Australia, na ni yeye anayemzomea mwenyekiti anayesema hazina haina kitu. Mwenyekiti mwaminifu husifiwa baada ya kuondoka. Mwenye ahadi tamu hubebwa mabegani akiwa madarakani. Upofu wa aina hii ni wa hiari, na wakurugenzi wabaya wameishi humo kwa raha mustarehe.

Utaratibu wa kuvipa vilabu madaraja kwa alama 20, uliokuja na ushirikiano na kampuni ya IMG uliotangazwa mwaka 2022, ulikusudiwa kutibu haya. Fedha, uwanja, mahudhurio na matokeo hupimwa pamoja, na nafasi katika ligi kuu hutolewa kwa alama. Wazo lina mantiki. Utekelezaji wake, hata hivyo, ulizaa kituko: London Broncos ilipanda hadi Super League kwa ushindi wa uwanjani mwaka 2023 hali ikijua kwamba, ikiwa ya 24 katika alama za majaribio, ingeteremshwa mwaka uliofuata hata ingecheza vipi. Na Salford ikavunjika katika mwaka wa kwanza ambao ligi hiyo iliundwa kwa alama. Mizani inayopima ukubwa wa mfuko bila kuuliza mfuko ni wa nani, na utabaki hadi lini, haiwezi kumlinda mtu.

Nchini Australia limewahi kujaribiwa jibu jingine. South Sydney, klabu mwasisi ya ligi ya mwaka 1908, iliondolewa mwishoni mwa msimu wa 1999 ili kupunguza vilabu hadi 14. Maelfu kwa maelfu ya watu walijaa barabara za Sydney mwaka 2000 kuitetea, klabu ikaenda mahakamani, ikashinda rufaa mwaka 2001 na kurejea mwaka 2002. Mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ilitengua uamuzi huo, lakini hakuna aliyethubutu kuiondoa tena. Kisha likaja lililo gumu. Klabu ya wanachama, iliyookolewa na wanachama, haikuwa na fedha za kushindana; ilishika mkia mara kadhaa. Mwaka 2006 wanachama walewale walipiga kura na kuuza asilimia 75 ya hisa kwa mwigizaji Russell Crowe na mfanyabiashara Peter Holmes à Court kwa dola milioni 3 za Australia. Wapo waliolia usaliti. Mwaka 2014 South Sydney ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1971.

Mfano huu hauthibitishi kwamba mashabiki wanaweza kuendesha klabu peke yao, wala kwamba tajiri ndiye dawa. Jambo la kuzingatiwa ni ile asilimia 25 iliyobaki. Wanachama hawakuomba kuchagua wachezaji wala kupanga mishahara. Walibakiza sauti juu ya jina, rangi, nembo na makao ya klabu, yaani juu ya vitu vilevile ambavyo viongozi wa Uingereza walidhani mwaka 1995 kuwa havina bei. Huko Bradford, klabu iliyorejea Super League mwaka 2026 baada ya miaka 11 nje, na huko Salford, ambako kazi ya kuanza upya ilianza kabla machozi hayajakauka, fungu la aina hiyo lingegharimu kiasi kidogo sana kuliko nusu milioni waliyoahidi watu wa Bradford mwaka 2012 bila kuandikiwa hata hisa moja. Pamoja na fungu hilo kiwekwe kiti kimoja mezani pa wakurugenzi, na haki ya kulifungua daftari kabla tikiti za msimu hazijauzwa.