Tunaofunga nzi, nasi twende mtoni

Kwa miaka 19 nilifunga nzi katika karakana moja jijini Nairobi. Kwa asiyeijua kazi hii: ni nzi bandia wa kuvulia samaki. Unabana ndoana ndogo kwenye jiriwa iliyoshikizwa ukingoni mwa meza. Unaizungushia uzi mwembamba kama unywele, unaweka mkia, unajenga kiwiliwili kwa sufu au unyoya wa tausi, kisha unazungusha unyoya wa shingo ya jogoo mpaka usimame kama miguu ya mdudu. Unapiga fundo, unatia tone la gundi, unachukua ndoana nyingine. Namba za ndoana huenda kinyume na matarajio ya mgeni: 16 ni ndogo kuliko 14, na 14 ni ndogo kuliko 12. Tulihesabu kwa dazeni, tukapakia, mzigo ukaenda Ulaya na Marekani.

Majina ya nzi hao niliyajua kama majina ya watoto wangu: Adams, Coachman, Pheasant Tail, Mrs Simpson. Lakini katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona trauti, samaki wanayemvulia, akiwa hai, wala kusimama kwenye mto ambamo nzi wangu angetupwa. Wenzangu wengi mezani walikuwa hivyo hivyo. Mikono yetu ilijua kitu ambacho macho yetu hayakuwahi kukiona.

Nilipoacha kazi na kurudi Nyeri, jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya msitu, alinichukua siku moja hadi Mto Thego, chini ya Mlima Kenya. Alinipa ufito, akanionyesha namna ya kuutupa mshipi nyuma, kungoja unyooke, kisha kuupeleka mbele. Mshipi wenyewe ndio wenye uzito. Nzi hana uzito wowote wa kumfikisha mahali. Nilitupa asubuhi nzima nikanasa matawi tu. Saa kumi na moja jioni wadudu walianza kuruka juu ya maji, na trauti mmoja akapanda akamchukua nzi niliyemfunga kwa mkono wangu. Nilipiga kelele mpaka mzee akacheka.

Furaha ile ilikuwa kubwa, lakini kuna jambo lingine lililonikaa moyoni. Kule karakana msimamizi alikuwa akitupa pembeni kila nzi ambaye gundi yake imeziba tundu la ndoana, na tulikasirika, kwa kuwa tulilipwa kwa idadi. Tuliona ni kero ya mtu anayependa urembo. Jioni ile mtoni, giza likianza kuingia na vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya mlima, nilihitaji kubadilisha nzi. Tundu lilikuwa limeziba. Nilihangaika na uzi mpaka samaki wakaacha kupanda. Nilielewa kwa dakika tano kitu ambacho nilikuwa nimeambiwa kwa miaka 19. Nilielewa pia kwa nini unyoya wa jogoo hautakiwi uwe mrefu kupita kiasi: nzi hulala ubavu majini, na trauti anayemtazama kutoka chini humkataa.

Ndiyo maana nasema: ujuzi huu tumeupasua vipande viwili. Kipande kimoja kimebaki mezani Nairobi kwa watu wasiovua. Kingine kiko mtoni mikononi mwa watu wasiofunga, wengi wao wageni wa kulipa. Vipande hivi vikikutana, nchi hii itapata mafundi bora, na mito yetu itapata walinzi.

Historia ya nzi wenyewe inathibitisha hivyo. Yule Pheasant Tail niliyemfunga kwa maelfu alibuniwa na Frank Sawyer, mwajiriwa aliyetunza Mto Avon huko Wiltshire, Uingereza. Aliwatazama wadudu wachanga wakiogelea chini ya maji, akaona kwamba nzi wa kuwaiga lazima azame upesi, akaacha uzi na kufunga kwa waya mwembamba wa shaba. Adams naye alizaliwa Michigan, Marekani, mwaka 1922: Leonard Halladay alimfunga, rafiki yake Charles Adams akaenda kumjaribu mtoni, na nzi akachukua jina la rafiki. Mmoja alifunga, mwingine akavua, wakarudishiana habari. Hivyo ndivyo kazi hii inavyokua.

Najua nitaambiwa kwamba huu ni mchezo wa Wazungu na samaki mwenyewe ni mgeni. Ni kweli kwamba trauti hakuwa wetu. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Uskoti, wakatiwa Mto Gura kwenye milima ya Nyandarua, na kwa muda mrefu kuwavua kulikuwa starehe ya walowezi. Lakini chai pia ililetwa, na leo hakuna anayemwambia mkulima wa Othaya kwamba majani yale si yake. Na kufunga unyoya kwenye ndoana si mali ya taifa moja. Aelianus, mwandishi wa zama za Kirumi, aliandika karibu mwaka 200 juu ya wavuvi wa Makedonia waliozungushia ndoana sufu nyekundu na kuongeza manyoya mawili ya jogoo. Jogoo, sufu na ndoana: ni nani kwetu asiyekuwa na vitu hivi?

Wengine watasema maskini hana siku ya kupoteza mtoni. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa nimeishi kwa mshahara wa dazeni. Lakini vijana wetu hutumia Jumamosi nzima kutazama mpira wa Uingereza kwenye vibanda, na hatuiti hiyo kupoteza. Mtu anayefanya kazi ana haki ya kitu kinachompendeza. Na kitu hiki si ghali kama watu wanavyodhani. Jumamosi mbili kila mwezi tunakutana nyumbani kwangu, watu saba au wanane: mzee wangu wa msituni, mwalimu mmoja, mwendesha bodaboda, wasichana wawili wa sekondari. Jiriwa mbili alizichomelea fundi wa hapa sokoni. Manyoya yanatoka kwa jogoo wa kienyeji na kanga wa kufugwa. Sufu nyeusi ya Kenya Bug, nzi wa hapa kwetu ambaye trauti wa mlimani humpenda sana, tunaifumua kwenye sweta kuukuu. Tunafunga, tunakunywa chai, tunabishana. Siku ya kwenda mtoni tunagawana fito tatu tulizonazo.

Hapo ndipo mto unapopata faida. Trauti huishi kwenye maji baridi, safi, yenye hewa ya kutosha. Hutaga kwenye kokoto. Udongo wa shambani ukiingia mtoni hufunika mayai yakafa. Kila aliyeanza kuvua nasi sasa anajua pampu ipi inavuta maji usiku mwezi wa Februari, na shamba lipi limelimwa hadi ukingoni. Yule wa bodaboda ambaye zamani aliosha pikipiki yake kwenye kivuko, sasa ndiye anayewafukuza wenzake pale. Hakuna aliyemhubiria. Alipoteza samaki akajua sababu. Maji haya ya Thego huishia Tana, na Tana ndiyo inayojaza bwawa la Masinga na mabwawa mengine ya umeme. Anayeulinda mto huku juu anamlinda mtu wa Garissa asiyemjua.

Naomba mambo matatu, na nayaomba kwa moyo wangu wote. Kwanza, wenye karakana za kufunga nzi wawapeleke wafanyakazi wao mtoni walau siku moja kwa mwaka, wakiwa na nzi waliowafunga wenyewe. Gharama ni basi na chakula. Watakachorudi nacho kitaonekana kwenye kila dazeni. Pili, serikali iweke siku chache kila mwaka ambazo vijana wa maeneo ya mito wanaweza kuvua bila kulipia leseni wala ada ya msituni, chini ya uangalizi, samaki mmoja wa kula na wengine warudishwe majini. Tatu, shule zilizo karibu na mito zianzishe vyama vya kufunga nzi. Mtoto anayejifunza kufunga mdudu hulazimika kwanza kumjua mdudu, anaishi wapi, anapanda lini, anakufa kwa nini. Hilo ni somo la sayansi lisilohitaji maabara.

Wiki mbili zilizopita, mmoja wa wale wasichana alibinua jiwe mtoni akawaona wadudu wachanga wameng'ang'ania chini yake. Aliwatazama muda mrefu. Tuliporudi mezani alifunga Kenya Bug mwembamba kuliko nilivyomfundisha, na nilipomuuliza kwa nini amepunguza sufu alijibu kwamba wale wa chini ya jiwe ni wembamba. Sikuwa na la kumrekebisha. Kisha akatia gundi, akachukua sindano, akapitisha kwenye tundu la ndoana kulisafisha. Sikuwa nimemwambia.

"Jioni vidole vitakuwa na baridi, Mama," alisema.

Ana umri wa miaka 16. Amejifunza kwa miezi minne kitu kilichonichukua miaka 19, kwa sababu yeye alianzia mtoni.